Ndani ya Go.Data: maarifa nje ya msimbo, na majina ya Wanande

Ebola iliyotangazwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 1 Agosti 2018 ilianzia Mangina, ikafika Beni, Butembo na Katwa, na hadi inatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Nyuma ya kila mgonjwa kulikuwa na orodha ya waliogusana naye, na kila aliyeorodheshwa alitakiwa kutembelewa kwa siku 21. Go.Data, programu ya Shirika la Afya Duniani iliyotumiwa huko, mkoani Kivu Kaskazini, wakati wa mlipuko huo, imejengwa kwa kazi ya namna hii.

Nguvu yake ni kwamba msimbo wenyewe hauijui Ebola. Siku 21 na maswali ya dodoso, vyote hukaa kwenye kiolezo cha mlipuko. Injini ya programu husoma kiolezo, kisha huzalisha ratiba ya ziara. Andika 14 badala ya 21, ratiba inayofuata inabadilika, na daktari wa magonjwa ya mlipuko hamngoji mwandishi wa programu. Aliyekuwa akifuatiliwa akiugua, kumbukumbu yake hugeuzwa kuwa ya mgonjwa huku viungo vyake na aliyemwambukiza vikibaki, kwa hiyo mnyororo wa maambukizi haukatiki. Simu ya mfuatiliaji nayo hufanya kazi bila mtandao, kisha hupeleka taarifa kwenye seva baadaye.

Lakini programu hutafuta kumbukumbu zilizorudiwa kwa kulinganisha majina, na hapo Butembo ina mambo yake. Wanande, watu wa eneo hilo, humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Masika binti wa kwanza. Mtaa mmoja una akina Kambale wengi. Ukiwaunganisha wawili kimakosa, mmoja hatatembelewa tena, na huyo huenda ndiye anayeanza homa. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko jambo lolote la kiufundi hapa.

Kwa hiyo kanuni ya kulinganisha watu ningeitoa kwenye injini na kuiweka kwenye kiolezo, kando ya zile siku 21. Jina la mpangilio lipewe uzito mdogo. Jina la mama, seli, avenyu na namba ya simu vipewe mkubwa. Uzito huo waupange wanaozunguka na orodha hizo Katwa na Beni, wanaojua Kambale yupi ni wa nyumba ipi.