Tshibumba Kanda Matulu: historia iliyoandikwa juu ya mfuko wa unga

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Kongo aliyezaliwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1947, alijiona mwanahistoria, ila mchapishaji hakuwa naye. Kitabu chake akakichora.

Tuanze na vifaa. Tshibumba aliwamba mfuko wa unga kwenye fremu ya mbao, akaupaka rangi nyeupe, kisha akachora. Picha ikatoka kwa bei ambayo karani au mfanyakazi wa mgodi aliimudu, akaitundika sebuleni. Wateja walikuwa na mada zao: mamba muntu, yaani nguva wa majini, au Colonie belge, ambamo mfungwa anachapwa fimbo huku Mbelgiji akisimamia. Mchoraji alirudia mada ileile kila ilipopata mnunuzi, na kazi ya picha ilikuwa kuwafanya wageni waanze kusimulia.

Ubunifu wa Tshibumba ulikuwa kuzipanga picha hizo kwa mfuatano. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, mfululizo wa picha zipatazo 100. Unaanzia kabla ya ukoloni, unapita kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, uhuru, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu, hadi siku ambazo zilikuwa bado hazijafika.

Tazama picha ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito. Waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na miili yao ikaharibiwa kwa asidi. Hakuna picha ya kamera ambayo mchoraji angeiiga. Tshibumba akaazima mahali ambapo kila Mkristo wa Katanga angepatambua: nyuma ya maiti tatu kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inatiririka chini na kuandika neno unité, yaani umoja. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, na umoja ulikuwa wimbo wa chama chake. Askari angeikagua picha hiyo asione pa kuishika, huku mwenye nyumba akijua anaangalia nini.

Kila picha ina tabaka tatu. Kwanza kuna mchoro. Pili kuna maelezo ya Kifaransa kwa herufi kubwa, yenye tahajia ya kusikia kwa sikio. Tatu ni masimulizi ya Tshibumba mwenyewe kwa Kiswahili cha Shaba (jina la Katanga wakati wa Mobutu), yaliyorekodiwa kwenye kaseti, na hapo ndipo anapobishana, anapotilia shaka, anapotoa hukumu. Yeye alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fabian alipotoa kitabu mwaka 1996, mazungumzo hayo yaliingia pamoja na picha, na bila hayo tungebaki na michoro isiyo na mwandishi wake.

Nayasema haya kwa ajili ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako habari zake hutufikia vipande vipande: leo koltani ya Rubaya, kesho kasiterite ya Bisie. Kwa mpango wa Tshibumba, Rubaya ingekuwa picha ya mbali sana kwenye mfululizo. Kabla yake zingekuja Gishari, Masisi, ambako Wabelgiji walianza kuleta wahamiaji kutoka Rwanda mwaka 1937, na soko la Ntoto, Walikale, ambako mauaji ya kikabila yalianza Machi 1993. Kila upande una masimulizi yake kuhusu picha hizo mbili, kwa hiyo atakayezichora asitosheke na rangi. Aziweke mbele ya wazee wa pande zote na awarekodi wanapobishana. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi ambayo Fabian aliifanya kwa kaseti.