Sifa za Mwandaaji wa Mahojiano

Mtafiti anayekaa na mteja saa nzima akimuuliza anavyotumia simu yake husifiwa kwa kujua kusikiliza. Mimi namsifu zaidi kwa kazi aliyoifanya kabla hajabisha hodi.

Kwanza hutafuta watu, na wala si lazima wawe wengi. Shida ni kuwapata wanaofaa: mwenye kitochi, aliyeikimbia huduma, bibi anayesomewa ujumbe na mjukuu. Siku nazo huchaguliwa. Siku ya gulio hakuna atakayekuketisha, na Ijumaa adhuhuri ndiyo kabisa. Nauli iwe tayari, ridhaa ya kurekodi iombwe mapema.

Kisha maswali, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ukiuliza, “Je, utaipenda huduma hii?” utajibiwa ndiyo, tena na chai juu, kwa kuwa kwetu mgeni havunjwi moyo. Uliza badala yake, “Mara ya mwisho ulipotuma pesa nyumbani, ulifanyaje?” Hapo zitatoka habari za bahasha aliyokabidhiwa kondakta, za simu tatu za kuulizia kama imefika, na za noti iliyopungua njiani.

Mwongozo mzuri huacha pia nafasi ya yasiyoulizwa. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya, Oktoba 2005, kwa wateja wasiofika 500, ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo. Waliofuatilia majaribio wakakuta mengine kabisa. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwa wakala kwa sababu benki zilikwisha fungwa. Wasafiri waliweka fedha walikotoka, wakazitoa walikofika, mifuko mitupu njiani. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, mikopo ikawekwa kando. Dodoso lililouliza habari za marejesho tu lingeyapita hayo yote, na takwimu zake zingependeza machoni. (Zinapendeza kila mara.)

Basi wewe unayeshika fungu la mradi, bajeti ikikubana, punguza kurasa za ripoti na ukumbi wa hoteli wa kuizindulia. Siku za mwandaaji za kutafuta watu na kuyajaribu maswali yake usiziguse.