Mwezi Mmoja wa Kusoma Ufukweni mwa Tanganyika

Desturi moja imeenea miongoni mwa wasomaji wa siku hizi, nayo ni ya kujiwekea hesabu. Mtu huazimia kusoma vitabu vinne kwa mwezi, au hamsini kwa mwaka, na muda ukiisha hutoa jumla yake kama karani wa ghala. Sina ugomvi na azimio; asiye na azimio aghalabu hupekua tu. Lakini hesabu ina tabia ya kumtawala aliyeiweka. Kitabu chembamba hupendwa kwa wembamba wake, kinene huahirishwa, na kilichokwisha kusomwa hakirudiwi maana hakiongezi kitu katika jumla. Nataka hapa kuupima mwezi mmoja, Juni 2024, ambao niliusomea Kirando kwa lengo la namna nyingine: swali moja lililopelekwa kwa kila kitabu.

Kirando ni mji wa wavuvi na wafanya biashara kando ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Atokaye Sumbawanga hupita Namanyere kwenye nyanda za juu za Ufipa, kisha huteremka, na baridi ya juu humwacha njiani. Mwaka ule uvuvi ulisitishwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Taa za wavuvi wa dagaa hazikuonekana usiku, mitumbwi ilipumzika mchangani, na watu walikuwa na nafasi ya mazungumzo kuliko fedha. Madaftari na kalamu vilipatikana madukani. Duka la vitabu sikuliona. Ilinibidi kununua mapema, na ununuzi wa namna hiyo humlazimisha mtu kuchagua, kwa kuwa mzigo una uzito na safari ni ndefu.

Nilichukua vitabu vitatu. Cha kwanza nilikuwa nacho tangu zamani: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, katika toleo la W. H. Whiteley lililopigwa chapa 1966. Cha pili nilikinunua Dar es Salaam, Mtaa wa Samora: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Cha tatu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu, jalada likiwa limefifia. Vyote vitatu vina ziwa ndani yake, na swali langu lilikuwa hili: mtu wa ziwani yuko wapi katika kitabu, na ni nani anayemtazama?

Tippu Tip alizaliwa Unguja mnamo 1837 akafa huko 1905. Masimulizi yake huheshimiwa, na ni haki, kama mojawapo ya misingi ya nathari yetu. Kwa kweli Kiswahili chake kinapendeza. Hakipambi, hakilii, hakijisifu kwa maneno makubwa. Sentensi hufuatana kama wapagazi njiani. Tukifundisha chuoni tunaisifu lugha hiyo, nasi tunafanya vema. Lakini hebu kitabu kisomwe mahali ambapo siku ya anga safi milima ya Marungu huonekana ng'ambo. Hapo msomaji huanza kuona jinsi kinavyohesabu. Pembe zina frasila zake, safari ina siku zake, bunduki zina idadi yake. Wapagazi na watumwa nao ni idadi. Katika nchi za kusini-magharibi ya ziwa ni wachache wanaopewa sura, na wa kukumbukwa zaidi ni Samu, mtawala wa Itawa, aliyeshindwa na msafara wa Tippu Tip mwaka 1867. Huyu anapewa sura kwa sababu anaogopwa na kwa sababu ana pembe. Akiisha kushindwa na ghala yake kuchukuliwa, sura ile haina kazi tena, na msafara unasonga mbele.

Huenda mtu akasema kwamba simlaumu mwandishi ila kwa kuwa mfanya biashara. Simlaumu hata kwa hilo. Nasema tu kwamba mtindo tunaousifu kwa uchache wa maneno umepata uchache ule kwa kunyamaza, na mwanafunzi anayefundishwa uzuri wake pasipo kuonyeshwa ukimya wake amefundishwa nusu.

Gurnah anaujua ukimya huo. Wachunguzi wameonyesha kwamba Peponi imetumia masimulizi ya safari za Waswahili, ya Tippu Tip na pia ya Selemani bin Mwenye Chande, yaliyomo katika mkusanyo aliouchapisha Carl Velten mwaka 1901. Lakini riwaya inamweka katikati ya msafara mtu ambaye katika vitabu vile angekuwa tarakimu: Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Msafara unavuka ziwa na kufika kwa mtawala aitwaye Chatu, naye Chatu anaizuia mali ya wageni, akitoa sababu kwamba wasafiri waliotangulia walimdhulumu. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu kuu ya kitabu. Mtu wa bara amefungua mdomo, na neno lake la kwanza ni madai.

Hata hivyo maneno ya Chatu yanatufikia kwa kinywa cha mkalimani, Nyundo, na hatuna njia ya kujua ni kiasi gani kimepotea njiani. Katika Kiingereza jambo hili halionekani sana, kwa kuwa humo kila mtu amefasiriwa. Katika Kiswahili linaonekana wazi. Tafsiri imewarudisha Aziz na wenzake katika lugha yao wenyewe, wakawa nyumbani. Chatu peke yake amebaki mgeni katika nchi yake. Sijui kama mfasiri alilikusudia, wala si lazima. Ni faida ambayo tafsiri imeileta kwa kuwa tu ni ya Kiswahili, na ningependa wanafunzi wanaosoma riwaya hii kwa Kiingereza waisome tena kwa Kiswahili kwa ajili ya sura hiyo moja.

Kwa Kitereza hakuna mkalimani. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, akakosa mchapishaji kwa miaka mingi, akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Yeye alifariki 1981. Hadithi ni ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, wakwe wanaomchukua binti yao, na mume anayehangaika kutafuta pombe ya ndizi ya kumkomboa. Wapo wasemao kwamba kitabu kinachosha: pombe inapikwa hatua kwa hatua, ugonjwa unaaguliwa hatua kwa hatua, salamu zinajibiwa mpaka mwisho. Mwenye lengo la vitabu vinne kwa mwezi hawezi kukipenda, na lawama nyingi juu ya urefu wake nadhani ni lawama za watu wenye haraka. Urefu huo una maana. Msafara hupita, mwenyeji hukaa, na habari za akaaye haziendi kwa mwendo wa apitaye.

Nilimsomea mwenyeji wangu, mzee wa Kifipa, kurasa za kupika pombe. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenziwe. "Mwanangu," akasema, "hao ni watu wa ndizi. Sisi ni watu wa ulezi." Kisha akanieleza pombe ya ulezi kwa urefu uleule, naye hakuona kwamba ni mrefu. Uhakiki wa namna hiyo sikuusoma katika jarida lolote.

Ufipa nayo ina hazina ya masimulizi. Roy Willis alikusanya sehemu yake, akaitoa Oxford mwaka 1978, lakini kwa Kiingereza. Basi hadithi za Wafipa zimesafiri kama pembe zilivyosafiri, na mwanafunzi wa Namanyere aliyeshika Kiswahili tu hawezi kuzisoma humo. Kitereza alikataa kuingoja hisani ya namna hiyo. Alifanya kazi mara mbili, kwa lugha mbili. Ningefurahi kununua kitabu cha Mfipa aliyefanya vivyo hivyo, na katika orodha yangu nimekiachia mstari mtupu.

Juni ilipokwisha nilikuwa nimesoma Maisha mara mbili, Peponi mara moja, na Bwana Myombekere kupita nusu kidogo. Nakala hiyo nilimwachia mzee, ili mjukuu wake amsomee jioni, kwa maana alitaka sana kujua kama Bugonoka alipata mtoto. Sikumwambia kwamba sehemu ya pili, ambayo bado naitafuta, inaitwa kwa majina ya watoto: Ntulanalwo na Bulihwali.