Chanda Chema

Kabla daktari hajashona jeraha, muuguzi wa chumba cha upasuaji huhesabu shashi. Alizihesabu kisu kilipokuwa bado mezani. Sasa anarudia, kwa sauti, mwenzake akizifuata kwa macho. Zilizoingia kumi zitoke kumi. Ikikosekana moja, daktari husimama na sindano yake mkononi, hata awe bingwa wa mabingwa, mpaka ipatikane. Kwa dakika hizo amri iko kwa anayehesabu.

Katika kazi hiyo ndimo alimolelewa Anna Mae Hays, mwanamke wa kwanza kuwa jenerali katika majeshi ya Marekani.

Alizaliwa mwaka 1920 mjini Buffalo, akakulia Pennsylvania, mtoto wa maofisa wa Jeshi la Wokovu. Alichokipenda tangu utotoni ni muziki, na vidole vyake vilizoea piano na kinanda. Fedha za kusomea muziki hazikupatikana, akaingia chuo cha uuguzi cha Allentown na kuhitimu mwaka 1941. Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, alijiunga na jeshi, na mapema mwaka 1943 alikuwa njiani kwenda India.

Kituo chake kilikuwa Ledo, Assam, karibu na mpaka wa Burma. Burma si jina geni kwetu: huko ndiko babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki, walikopelekwa, na mwaka 1944 wakapigana katika bonde la Kabaw, kati ya matope na malaria. Hospitali ya Ledo ilikuwa mabanda ya mianzi yenye sakafu ya udongo, na Anna Mae alipangiwa chumba cha upasuaji.

Hapa nataka tutulie kidogo. Usafi wa chumba cha upasuaji tumezoea kuuona kwenye vigae na taa. Penye sakafu ya udongo, usafi wote unabebwa na watu. Vyombo vichemshwe, mikono isuguliwe mpaka viwikoni, na kitambaa kilichogusa ukuta kihesabiwe kichafu hata kama kinaonekana cheupe. Hakuna anayekuona ukikitupa, wala hakuna atakayejua ukikitumia. Majeruhi wa kumi wa siku hiyo anastahili uangalifu ule ule aliopewa wa kwanza, nawe umesimama tangu alfajiri.

Mwaka 1950 vita vya Korea vilimwita tena. Akiwa na Hospitali ya Uwanjani ya 4, alifika Inchon baada ya majeshi kutua. Katika miezi kama kumi, hospitali hiyo ilihudumia wagonjwa zaidi ya 25,000. Yeye mwenyewe aliiona Korea ngumu kuliko Assam, kwa baridi yake kali na uhaba wa vifaa. Hata hivyo, akipata nafasi alifuatana na kasisi kwenda kupiga kinanda katika ibada za askari. Vidole vilivyokosa chuo cha muziki vilipata kazi yake huko.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Walter Reed, alikuwa miongoni mwa wauguzi waliomhudumia Rais Eisenhower. Mwaka 1967 akawa mkuu wa wauguzi wote wa jeshi la nchi kavu, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto. Alikwenda mwenyewe Vietnam kuwaona wauguzi wake. Akapigania pia haki za ofisa mwanamke mwenye mume, asifukuzwe jeshini kwa sababu tu amepata mimba. Aliyekesha wodini anajua uzito wa kumpoteza muuguzi mzoefu.

Tarehe 11 Juni 1970 alipandishwa cheo kuwa brigedia jenerali. Mamie Eisenhower, mjane wa yule mgonjwa wake, alimpa nyota alizowahi kuvaa mumewe.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chake kilingoja miaka 28, na kilipovikwa kilivikwa nyota. Aliyezitoa alikuwa amewahi kuiona mikono ile kando ya kitanda cha mumewe.