Euphrase Kezilahabi: Mwalimu katika Diwani Tatu

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Baada ya shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifundisha sekondari, kisha akarudi chuoni hapo kufundisha fasihi. Miaka yake ya mwisho kazini aliitumia katika Chuo Kikuu cha Botswana.

Safari hiyo inasomeka vizuri zaidi katika mashairi yake. *Kichomi* (1974) ni kazi ya mwalimu kijana: aliacha vina na mizani, akatumia lugha ya mazungumzo, na wanamapokeo, watetezi wa kanuni hizo za jadi, wakamjia juu wakisema huo si ushairi. Mabishano hayo, ambayo pengine yamewanufaisha wanafunzi kuliko mihadhara mingi, bado yanafundishwa madarasani. *Karibu Ndani* (1988) ilifuata baada ya shahada ya uzamivu aliyoipata Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Falsafa imezama zaidi, na msomaji mvivu hapati kitu. *Dhifa* (2008) aliitoa akiwa Botswana.

Alifariki Januari 2020. Anayetaka kumfahamu mwalimu huyu aanze na *Kichomi*.