Sifa za Mpiga Chapa wa Chama

Historia ya vyama vya wafanyakazi Afrika Mashariki huandikwa kwa majina ya wasemaji. Tunamjua aliyepanda jukwaani, aliyekamatwa, aliyekuja kupewa uwaziri. Aliyechapa tangazo la mkutano hatajwi, kana kwamba watu walijikuta tu uwanjani. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu: mtu wa wino kwenye kucha, aliyekesha ili asubuhi mwenzake awe na kitu cha kusoma mlangoni mwa karakana.

Kwa bahati, yupo mmoja aliyekuwa msemaji na mchapaji kwa pamoja. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Nairobi mwaka 1927, na alipotoka shule akaingia katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Mwaka 1935 akawa katibu wa Labour Trade Union of Kenya, chama ambacho miaka miwili baadaye kilibadili jina na kujiita cha Afrika Mashariki, maana yake na sisi wa Tanganyika tulikuwa tumehesabiwa. Vyama vichanga hulemewa na bili ya mchapaji. Hiki, katibu wake ndiye aliyekuwa mchapaji. Vipeperushi vikatoka kwa lugha za Wahindi na kwa Kiswahili pia, kwa sababu Singh aliona mapema kwamba chama cha fundi wa Kihindi peke yake kingevunjwa kwa kumwajiri kibarua wa Kiafrika kwa ujira mdogo zaidi. Mwaka 1937 wanachama waligoma siku 62 jijini Nairobi, wakarudi kazini na nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22.

Watu wakisoma takwimu hizo huuliza juu ya ujasiri. Mimi huuliza juu ya herufi. Kazi ya chapa siku hizo ilikuwa ya vidole. Mpangaji alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vidogo, kila herufi ya risasi na chumba chake. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma cha kupangia, wa kulia unachota herufi moja moja, na mstari unasomwa ukiwa kichwa chini, miguu juu. Ukurasa ukishachapwa, kila herufi ilirudishwa chumbani mwake, la sivyo kesho hakuna kazi. Tena makasha yale yaliyotoka Uingereza yalipimwa kwa Kiingereza: e zilijaa tele, a za kadiri, k na w za kuhesabu. Sasa mpe mtu huyo apange “wafanyakazi wakakataa kukatwa mishahara”. A zinakwisha kabla hajafika mwisho wa aya. Hapo kuna njia mbili, kuchapa nusu ukurasa na kusubiri, au kuiandika sentensi upya ili ile herufi chache zaidi. Nashuku Kiswahili kikavu, kilichonyooka, cha matangazo ya zamani kilitokana zaidi na uhaba wa a kuliko ufundi wa mwandishi.

Hapa Moshi mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Huko juu mlimani, Marangu, Machame, Kibosho, mtu alikuwa na kihamba, shamba lake la migomba na kahawa, na chama chake kilikuwa cha wakulima. Wakulima hao walikuwa na umoja wao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Ushirika huo ulikuwa na gazeti, Uremi, katika miaka hiyo ya 1930. Huku chini Majengo hapakuwa na kihamba. Mtaa huu ulikuwa wa watu wa mshahara na vibarua, wengi wametoka mbali, na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, iliwaleta na kuwapeleka. Mkulima aliyepunjwa kwenye mizani alikuwa na shamba la kurudia. Aliyeachishwa kazi stesheni alikuwa na kodi ya chumba. Ndiyo maana gazeti la mkulima lilihitaji bei ya kahawa na ushauri wa dawa ya kunyunyizia, lakini karatasi ya mfanyakazi ilihitaji kufika leo leo.

Karatasi ya leo leo haikungoja herufi za risasi. Ililetwa na taipureta, stensili na mashine ya kudurufu. Unatoa utepe, meno ya mashine yanakata nta, ukikosea unapaka dawa yenye harufu kali, unapuliza, unapiga tena. Kisha unazungusha mkono wa mashine mpaka bega liume, na stensili ikichanika unaanza upya. Tusidharau kazi hiyo. Sauti ya TANU ilikuwa kijarida cha kudurufu tu, lakini mwaka 1958 makala yake moja ilimpeleka Nyerere mahakamani, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, kikagoma kwa siku 82, na reli ni watu waliotawanyika mamia ya maili. Mgomo wa namna hiyo hauwezi kuishi kwa hotuba ya siku ya kwanza. Lazima neno lifike kila stesheni likiwa lile lile, na ufundi wa kulifikisha ndio huu ninaousifu.

Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vikakunjwa kuwa kimoja, NUTA, na Katibu Mkuu wake akawa Waziri wa Kazi mwenyewe. NUTA ilipata gazeti, Mfanyakazi, ambalo JUWATA, jumuiya iliyoifuata NUTA, ililirithi. Lilikuwa gazeti la kweli, lenye wasomaji wa kweli. Ila karani aliyedhulumiwa alitakiwa alalamike kwa waziri kupitia gazeti la waziri, na hilo hakuna mpiga chapa awezaye kulirekebisha.

Leo Majengo haikosi mafundi. Kompyuta na mashine zipo, vijana wanachapa kadi za michango ya harusi, mabango ya misiba na fulana, na wanachapa vizuri. Vyama vya wafanyakazi huwafuata mara moja kwa mwaka, kuagiza fulana za Mei Mosi. Wanachama wanakatwa ada kila mwezi na hawapati hata ukurasa mmoja wa kueleza ada hiyo imefanya nini. Ujumbe wa simu unafutika. Karatasi huweza kuwekwa mezani mbele ya mwajiri.

Makhan Singh alitiwa mbaroni Mei 1950 na hakuachiwa mpaka Oktoba 1961. Mwaka 1969 alichapisha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, na nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi hadi leo. Aliweza kwa kuwa hakutupa vipeperushi vyake. Basi, msomaji wa Moshi, kama sanduku la babu lina toleo la Uremi, nakala ya Mfanyakazi au karatasi yoyote ya kudurufu ya chama cha reli, usimpe muuza maandazi. Ipeleke maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika, hapa hapa mjini, uombe waiorodheshe mbele yako.