Dola 5 bila Kufuli: Jinsi Tovuti ya Mchekeshaji Ilivyouza Onyesho Lake

Tovuti binafsi ya mchekeshaji wa jukwaani, yaani msanii anayesimama peke yake mbele ya hadhira akiwa na kipaza sauti na maneno yake tu, aghalabu huhukumiwa kwa sura, ilhali kipimo kinachostahili ni idadi ya vizuizi inavyoviondoa kati ya msanii huyo na mtu aliyekwisha kuamua kumsikiliza. Kwa kipimo hicho, kazi inayostahili kuchambuliwa kwa makini kuliko nyingine ni ile ya Mmarekani Louis C.K., ambaye tarehe 10 Desemba 2011 aliuza kwa dola 5, kupitia tovuti yake mwenyewe, filamu ya onyesho lake alilolifanya katika ukumbi wa Beacon Theater jijini New York, bila kupitia kituo cha televisheni wala kampuni ya usambazaji.

Gharama zake zinajulikana kwa sababu mwenyewe alizitangaza siku chache baadaye. Upigaji wa filamu, uliofanyika katika maonyesho mawili kwa kutumia kamera sita, uligharimu takriban dola 170,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililipwa na viingilio vya watazamaji waliohudhuria, wakati ujenzi wa tovuti yenyewe uligharimu takriban dola 32,000. Katika siku 4 za kwanza nakala zaidi ya 110,000 ziliuzwa, na kabla mwezi haujaisha mapato yalikuwa yamevuka dola milioni 1, ambazo kati yake dola 250,000 zilirudisha gharama, 250,000 nyingine zikagawiwa wafanyakazi, 280,000 zikapelekwa kwa mashirika ya hisani, na 220,000 zikabaki kwake. Dola 32,000 si fedha ndogo kwa tovuti ya mtu mmoja, lakini fedha hizo hazikununua mapambo: zilinunua uwezo wa kuhimili maelfu ya wanunuzi wanaofika kwa wakati mmoja. Tovuti inayozimika katika saa ya kwanza ya mauzo humpoteza mnunuzi aliyekuwa na hamu kubwa zaidi, na mnunuzi huyo ni nadra kurudi kesho yake.

Uamuzi wa kwanza wa kiufundi uliohusu faili lenyewe ulikuwa kuliuza bila kufuli ya kidijitali, yaani bila ule usimbaji unaozuia faili lisifunguke kwenye kifaa kingine au katika nchi nyingine isipokuwa kwa idhini ya muuzaji. Wauzaji wakubwa wa wakati huo waliziona kufuli hizo kuwa kinga dhidi ya wizi, lakini mwizi alizivunja mara moja na kuisambaza nakala iliyofunguliwa, huku mnunuzi mwaminifu akibaki peke yake na usumbufu wa faili lisilocheza kwenye kompyuta yake ya pili. Louis C.K. aliligeuza jambo hilo kwa kuifanya nakala halali iwe rahisi kupatikana kuliko ya wizi, kisha akaweka maandishi mafupi ya kuwasihi watu wasiisambaze bure, akiwaeleza kwamba fedha zilizotumika zilitoka mfukoni mwake na si katika hazina ya kampuni. Filamu hiyo ilisambazwa kiharamia hata hivyo, kama ilivyotarajiwa, lakini mauzo yalithibitisha kwamba watu wengi hulipa wanapojua nani anapokea na wanapoona kwamba njia ya kulipa ni fupi.

Ufupi huo una hesabu yake. Malipo yalifanywa kupitia PayPal, ambayo kwa viwango vya kawaida vya Marekani vya miaka ile ilitoza asilimia 2.9 ya kila malipo pamoja na senti 30, kiasi ambacho katika bei ya dola 5 kinafikia karibu senti 45, yaani takriban asilimia 9, wakati katika bei ya dola 20 kisingefika hata asilimia 5. Bei ndogo, kwa hiyo, huliwa zaidi na ada isiyobadilika, na mchekeshaji anayetaka kuuza kitu cha bei nafuu hana budi kuikagua ada hiyo kabla ya kuchagua rangi ya ukurasa. Kwa wachekeshaji wa Nairobi au Dar es Salaam hesabu hii inapitia kwenye simu: tangu huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, malipo ya simu yameenea, na njia fupi ya kulipa si kadi ya benki, bali ombi la namba ya siri linalotokea kwenye simu ya mnunuzi, na tovuti inayodai kadi pekee inawafukuza wengi waliokwisha kukubali bei. Hapo pia uzito wa faili ni sehemu ya bei, kwa kuwa video ya saa moja yenye ubora wa juu inaweza kuzidi gigabaiti 1, na mtu anayeishi kwa bando huilipia mara mbili, kwanza kwa msanii na kisha kwa kampuni ya simu. Toleo la pili lenye ubora wa chini, au la sauti tupu, ni jambo la lazima katika mazingira hayo, wala halimshushii msanii hadhi.

Hata hivyo, sehemu ya tovuti ile iliyozaa matunda ya muda mrefu zaidi haikuwa filamu wala mfumo wa malipo, bali swali moja dogo aliloulizwa mnunuzi kabla ya kumaliza: je, angependa kupokea barua pepe siku za usoni? Desturi ya biashara za mtandaoni ilikuwa kuliweka jibu la kukubali tayari, ili asiyesoma kwa makini ajikute ameandikishwa. Katika tovuti hii jibu lililowekwa tayari lilikuwa la kukataa, tena limeandikwa kwa utani mkali dhidi ya mchekeshaji mwenyewe, kiasi kwamba mnunuzi alicheka hata pale alipokuwa akijaza fomu. Athari ya uamuzi huo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu orodha ya anwani iliyojengwa kwa hiari ya kweli huwa fupi kidogo lakini imejaa watu watakaofungua barua inayofuata, na kwa sababu orodha hiyo ni mali ya msanii, tofauti na wafuasi wa mtandao wa kijamii ambao kampuni yenye mtandao ndiyo huamua ni wangapi kati yao waonyeshwe tangazo lake.

Mnamo Juni 2012 tiketi za ziara yake ziliuzwa kupitia tovuti hiyohiyo kwa bei moja ya dola 45, kodi na ada zikiwa ndani yake, na takriban tiketi 100,000 zilinunuliwa katika muda wa siku 2 hivi, kiasi cha dola milioni 4.5. Ili jambo hilo liwezekane ilibidi kuchagua kumbi zisizofungwa na mikataba ya kuuza tiketi kupitia kampuni ya Ticketmaster pekee, na masharti ya mauzo yalieleza kwamba tiketi itakayoonekana ikiuzwa tena kwa bei ya juu ingeweza kufutwa, hatua iliyowalenga walanguzi moja kwa moja. Hapa tovuti ilivuka kazi ya kuonyesha ikaingia kwenye kazi ya kupanga ziara, kwani uchaguzi wa ukumbi ulitegemea kile ambacho tovuti iliweza kufanya. Kisha, tarehe 30 Januari 2016, tamthilia yake ya *Horace and Pete* ilitokea kwenye tovuti bila kampeni yoyote ya matangazo, ikitambulishwa kwa barua pepe tu; sehemu ya kwanza iliuzwa dola 5, ya pili dola 2, na zilizofuata dola 3 kila moja. Mpaka wa mbinu hii nao ulionekana hapo, kwa sababu tamthilia yenye waigizaji wengi na seti ni ghali kuliko onyesho la mtu mmoja, na msanii alisema hadharani kwamba aliingia katika deni.

Uchambuzi huu ungekuwa na kasoro kama ungenyamazia yaliyofuata. Novemba 2017 gazeti la The New York Times lilichapisha ushahidi wa wanawake 5 kuhusu mwenendo wake mbaya wa kingono, naye akakiri kwamba walisema kweli. Vituo vya televisheni na majukwaa ya video yakavunja uhusiano naye, lakini Aprili 2020 aliuza filamu mpya ya onyesho kwenye tovuti yake. Chombo kisichohitaji ruhusa ya mtu wa kati hakimchuji anayekitumia, na wanaokisifu kama ukombozi wa wasanii wanapaswa kukubali kwamba uhuru huohuo humlinda pia msanii aliyewakosea wengine. Ubora wa mbinu na uadilifu wa mtu ni mambo mawili yanayopimwa kwa mizani tofauti.

Mchekeshaji anayejenga tovuti leo hahitaji dola 32,000, kwa kuwa huduma za kukodi za kuhifadhi video na kupokea malipo zimeshusha gharama mno. Anachohitaji kabla ya yote ni kuhakikisha kwamba jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika ili kuifikia tovuti, limesajiliwa kwa jina lake mwenyewe wala si la fundi aliyeijenga au meneja wake, kwamba nakala ya orodha ya anwani za mashabiki iko mikononi mwake, na kwamba ukurasa wa kwanza unaonyesha tarehe za maonyesho yajayo na mahali pa kununua tiketi. Hayo matatu yafanywe kwanza. Picha na rangi zitafuata.